Siku ya Mama Utepe

Anastasie anasema haya si maneno ya kusikia, aliona kwa macho yake. Anasema kule kambini, kwa wakimbizi Warundi, kuna mama ambaye mtoto wake alipimwa mkono, utepe ukasimama kwenye manjano. Wakamwambia, mama, mtoto wako hajaharibika, rudi nyumbani. Mama akarudi. Siku ya kupimwa tena ilipokaribia, akaacha kumpa mtoto bugali. Akampa maji tu, na chai kavu. Siku ile utepe ukasoma nyekundu, na hazikupita siku nyingi gari likaja mpaka mlangoni, likashusha pakiti za karanga, bunga, mafuta, hata sabuni.

"Mafuta ya bidoni muzima!" Anastasie akapiga makofi, na magamba ya ndagala yakaruka kutoka mikononi mwake. "Na ule mutoto leo iko mukubwa. Anacheza mupira, anavunja bilauri za bantu."

Alikuwa akimsimulia Constance kupitia juu ya ua wa matete unaotenganisha nyumba zao, asubuhi, naye Constance amesimama na mswaki mdomoni. Anastasie aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, kando ya barabara ya mji wa Baraka, na kabla ya kwenda sokoni alipenda kumwaga habari kwanza kwa jirani. Constance alishika maneno machache: mama, mtoto, bugali, gari. Alicheka pale Anastasie alipocheka. Kisha akatema povu na kuuliza, "Gari ya nani?"

"Ya benu!"

"Sisi hatuna gari, mama."

"Bote banasemaka vile," Anastasie akasema, akajitwika beseni lake. "Hatuna kitu, hatuna kitu. Kisha gari inakuya."

Constance alitoka Togo. Chuo kimoja cha Ulaya kilimtuma kuchunguza jinsi watoto wadogo wa kambini wanavyokua, au wasivyokua, mwezi kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuzungusha utepe kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko, kusoma rangi na namba, na kuandika katika simu yake kubwa. Kijani ni mzima, manjano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni mgonjwa wa njaa. Kupima na kuandika, basi. Hakuwa na chakula cha kugawa, wala dawa.

Mwanzoni Baraka ilimshinda. Maji ya ziwa yalimlaza kitandani. Watoto walimkimbilia njiani wakipiga kelele "Muzungu! Muzungu!", naye akawaonyesha mkono wake, mweusi kuliko wao. Wakafikiri kidogo, wakaanza upya: "Muzungu mweusi!" Alilia siku ile, peke yake, akichambua mawe katika mchele. Lakini polepole alizoea. Alijifunza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Alijifunza kwamba salamu haziishi kwa jibu moja, unaulizwa nyumba, unaulizwa usingizi, unaulizwa kwenu. Na kambini wamama walimpa jina. Mama Utepe. Walipomwona kwa mbali walipiga vigelegele.

Kilichomfurahisha zaidi kilikuwa matangazo. Kila siku ya Mungu, Jumapili, misa ikiisha, katekista wa kambi anasimama na kusoma: fulani na fulani watafunga ndoa, kwaya ikutane siku ya posho, Jumamosi, aliyeokota kitenge cha bluu akirudishe. Na sasa pia, "Mama Utepe atakuja siku ya ine." Constance aliposikia jina lake linasomwa kati ya ndoa na kwaya, aliona amekuwa mtu wa pale. Alimwandikia mama yake Lomé: hapa wananipenda.

Leo ilikuwa siku ya ine, Alhamisi.

Jocelyne alifika na pikipiki, amekaa upande nyuma ya dereva. Alikuwa binti wa Baraka, wa ukoo wa wavuvi, mwenye Kifaransa cha kutosha. Yeye ndiye aliyemtafsiria Constance, na yeye ndiye aliyemkataza kukaa na Kifaransa chake. "Sema Kiswahili, yaya," alizoea kumwambia, kama wanavyomwita dada mkubwa. "Ukikosea tutacheka, hatutakupiga."

Constance akajaribu. "Anastasie anasema mama moja alinyima mutoto chakula, juu ya utepe. Ni kweli?"

Jocelyne alikuwa anafunga kitenge chake. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Anastasie anauzisha ndagala na maneno, yaya. Ndagala zikimushinda, maneno hayamushindi."

Wakapanda pikipiki. Dereva alilalamika kwamba esansi imepanda tena, na kwamba watu wa Baraka wanafikiri pikipiki inakunywa maji ya ziwa.

Kabla ya kambi kuna biro, ofisi ya vibali. Mgeni haingii kambini bila karatasi yake kupigwa muhuri pale, hata kama ilipigwa mwezi uliopita. Ndani alikaa Fabien, kijana mwenye shati la pasi kali na meza isiyo na kitu isipokuwa redio. Aliigeuza karatasi ya Constance mbele na nyuma.

"Madame, hii muhuri imezeeka."

"Karatasi ni ya mwaka mzima," Constance akasema.

"Karatasi iko kijana. Muhuri njo imezeeka." Fabien akacheka mwenyewe. "Togo iko upande gani ya Ulaya?"

"Iko Afrika."

"Afrika? Sasa juu ya nini bantu banakuita muzungu?"

"Uliza bao."

"Chef," Jocelyne akaingilia, kwa sauti ile ya kubembeleza ambayo Constance hakuiweza, "utusaidie basi. Batoto bako nangoja tangu asubui."

"Batoto bamezoea kungoja. Mi sikatai. Lakini muhuri iko mu mufuko ya mukubwa, na mukubwa iko ku kilio. Mungoje kidogo."

Wakakaa kwenye benchi. Jua likapanda. Pale barazani mtandao ulikuwa unashika, na simu ya Constance ikaita kidogo. Ulikuwa ujumbe wa profesa wake. Ameona namba za miezi yote. Unene wa mikono ya watoto unapungua kila mwezi, bila kuruka hata mmoja. *Matokeo mazuri sana*, profesa ameandika. *Safi kuliko tulivyotegemea. Endelea hivyo hivyo.*

Constance alimsomea Jocelyne, kwa fahari kidogo, na kwa aibu kidogo pia, kwa sababu ya neno lile *mazuri*.

Jocelyne alitazama barabara. "Tutakawia," akasema. "Tungeenda bila muhuri."

"Watatufukuza."

"Wacha batufukuze. Batoto bako nangoja, yaya."

"Si umesikia? Wamezoea," Constance akasema kwa utani. Jocelyne hakucheka.

Mkubwa alirudi kutoka kilioni akiwa ameshiba, meno anayasafisha kwa kijiti. Akapiga muhuri bila kuisoma karatasi.

Walipofika kambini jua lilikuwa limeshapita utosini. Wamama walikuwa bado wamekaa chini ya bati la kanisa, watoto mapajani. Vigelegele vilipigwa, ingawa vilikuwa vyembamba leo. Constance akaomba msamaha kwa kuchelewa, kwa Kiswahili, wakamshangilia kosa lake la sarufi kama kawaida, akatoa utepe.

Watoto walikuwa watulivu. Mwezi wa kwanza aliandika hivyo, kama jambo la kusifia: *watoto wa hapa ni watulivu sana, hawasumbui*. Walikaa na macho nusu, midomo imefutwa safi. Kila mama, akifika mbele yake, alimfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kitenge. Constance alifikiri ni adabu. Hata kwao Lomé mtoto anafutwa kabla ya kupelekwa kwa mgeni.

Manjano. Manjano. Nyekundu, na mama wa yule mtoto akainuka akitabasamu, wenzake wakampisha kama aliyeitwa jina kwenye bahati nasibu.

Wa mwisho alikuwa Marie-Rose. Alikuwa Mrundi, mwanamke mrefu aliyelima shamba la watu nje ya kambi, na mtoto wake aliitwa Kwizera, ndiyo kwanza ajue kutembea. Constance alimpenda Kwizera. Siku ya Mungu, wiki mbili zilizopita, alikuja misa bila kumwambia mtu, akamkuta mlangoni mwa kanisa anatafuna muhogo wa kuchoma, mashavu yamejaa, unga umemganda puani. Alimbeba. Alikuwa mzito. Constance aliwaza, mwezi huu mkono wake utaongezeka.

Sasa Kwizera alilala begani kwa mama yake kama nguo iliyoloa. Constance akazungusha utepe. Ukasimama kwenye manjano, ukingoni kabisa, unywele tu kabla ya nyekundu.

"Manjano," akasema.

"Vuta," Marie-Rose akasema.

"Nini?"

"Kamba yako. Vuta kidogo, Mama Utepe. Umeilegeza."

"Haivutwi, mama. Inakaa tu."

"Wengine bote umebavutia."

"Mama Kwizera," Jocelyne akasema haraka, "basi. Mwezi ujao."

Kwizera akafungua macho, akauona utepe, akaushika, akautia mdomoni. Akaunyonya. Constance alipoutoa taratibu, mtoto hakulia. Kichwa chake kikaanguka nyuma, na weupe wa macho ukaonekana.

Constance akamnyakua. Hakujua alifanyaje. Alijikuta anakimbia kati ya vibanda vya shitingi za plastiki, mtoto kifuani, Marie-Rose mbele akimwonyesha njia, Jocelyne nyuma akiita jina la Mungu. Kibanda cha Marie-Rose kilikuwa karibu. Ndani, dada na kaka za Kwizera walikuwa wamezunguka sahani. Bugali, maharagi, na majani ya lengalenga. Sufuria ilikuwa bado inatoa moshi, na ndani yake maharagi yalikuwa yamebaki ya kutosha.

Wakampa maji. Kwizera akakohoa, akarudi. Alipoona sahani alijivuta kwa magoti mpaka pale, akatia vidole katika bugali, akaumba tonge bovu la kitoto. Kabla halijafika mdomoni Marie-Rose alimshika kifundo cha mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, akalirudisha tonge kwenye sahani. Kisha akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Bado, mwanangu," akamwambia kwa upole. "Mama Utepe hajamaliza."

Constance alisimama katikati ya kibanda. Maneno ya Anastasie ya asubuhi yalimrudia, na safari hii aliyaelewa yote.

Alitoka nje. Jocelyne alikuwa ameegemea mti wa papai, hamtazami.

"Ulijua," Constance akasema. Kiswahili kilimtoroka, akasema kwa Kifaransa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi wetu wa pili wa kupima."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa unafurahi." Jocelyne akatoa gome la papai kwa ukucha. "Na mimi pia. Kazi hii ndiyo inatulisha nyumbani. Mwezi wa kwanza tulisema hatuna kitu, nani alikuja? Mama mmoja na mtoto wa jirani yake. Unakumbuka? Ukalia. Ukasema watakurudisha kwenu. Ndipo nikaenda kwa katekista."

"Nilikuambia atangaze kwamba hatugawi kitu."

"Ulisema. Katekista akasema matangazo yanatakiwa yawe mafupi. Nikakuambia kwamba ameyakata maneno hayo. Ukasema nini?"

Constance alikumbuka alichosema. Alisema, haidhuru. Alisema hivyo akiwa anatabasamu, kwa sababu jina lake lilikuwa limesomwa kanisani.

"Kila mwezi tunawaambia siku mapema," Jocelyne akasema. "Ulisema ni heshima, tusiwavamie. Kwa hiyo wanaijua. Wanaanza kuwanyima siku ya kwanza, Jumatatu. Wengine siku ya pili, kama mtoto ni mwembamba tayari."

Na zile namba nazo zilikuwa zinashuka kila mwezi, bila kuruka hata mmoja. Constance akaweka mkono juu ya mfuko wenye simu, kama anayefunika kitu kisisikie.

"Twende umwambie," akasema. "Sasa hivi. Mwambie sina gari, sina karanga, sina bosi mwenye gari. Mwambie naandika tu."

"Mwambie mwenyewe, yaya. Kiswahili unajua." Jocelyne akapangusa macho kwa kiganja. "Mimi sauti yangu wameshaizoea. Hawatasikia."

Constance akarudi ndani, akachuchumaa mbele ya Marie-Rose ili macho yao yalingane. Alitafuta maneno moja moja.

"Mama Kwizera. Mi sina kitu. Leo sina, kesho sina. Nyekundu haileti chakula. Manjano haileti chakula. Mi ninaandika, basi. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Basi umpe mutoto akule."

Marie-Rose alimtazama kwa subira, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisema shairi la shule.

"Bale ba kwanza pia balisema vile," akasema. "Balikuya na kamba kama yako. Balisema, mama, hatuahidi kitu. Bakapima, bakaenda. Kisha gari ikakuya. Mutoto ya Solange alikuwa nyekundu, nyumba yote ikakula mpaka mavuno. Wangu alikuwa kijani. Nilimulisha muzuri, nikapata nini? Ule njo alikuwa mukubwa ya Kwizera. Mvua ilipokuya hatukuwa na kitu, akakufa na kijani yake."

Hakupandisha sauti. Watoto wakubwa waliendelea kula, vidole vikikwaruza sahani.

"Ile gari haikuwa yangu," Constance akasema.

"Siyo yako. Lakini unaandika. Wanaosoma bako na gari."

Constance alifungua mdomo kukataa. Akawaza juu ya profesa, na juu ya wale watakaomsoma profesa, katika vyumba vyao vyenye joto. Kweli wana magari.

"Leo umpe akule," akasema tu. "Nimemaliza. Nimemaliza kupima. Ninakuomba."

"Umemaliza kabisa? Hautapima tena jioni?"

"Kabisa."

"Akikula, umeona mwenyewe. Siyo mimi nimeharibu."

"Siyo wewe."

Marie-Rose akaachia pumzi. Akachota maharagi, akayaponda kwa kidole gumba kwenye kiganja chake, akampa Kwizera. Mtoto alikula bila kutafuna, mkono wake umeshika kifundo cha mama yake usije ukaondoka. Mama alimwangalia, na uso wake ukalegea, ukawa wa mwanamke kijana. Hakuwa amempita Constance kwa miaka mingi. Alikuwa amefunga pamoja na mtoto. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Kwizera alishiba, akageuka na kumcheka Constance, maharagi kidevuni. Constance hakuweza kumchekea.

Nje, dereva wa pikipiki alipiga honi. Walinzi wa kambi hawataki wageni ikifika saa kumi. Jocelyne alikuwa amekwisha kupanda, amempa mgongo kila mtu.

Marie-Rose alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama heshima inavyotaka, Kwizera mgongoni amefungwa kwa kitenge, anasinzia kwa shibe. Walipita wamama waliokuwa wanarudi kwao. Katika kila kibanda sasa moshi ulikuwa unatoka na sauti za watoto zilikuwa zimeanza: kilio, ugomvi wa sahani, kicheko. Kambi nzima ilikuwa inakula. Constance hakuwahi kuisikia hivyo, maana kila mwezi akimaliza kupima alikuwa anaondoka na furaha yake kabla kambi haijaanza kula.

Walipofika kwenye pikipiki Marie-Rose alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Usikasirike, Mama Utepe. Leo alikosa nyekundu kidogo tu. Umeona mwenyewe, kidogo kabisa. Mwezi ujao hatakosa."

"Mama Kwizera..."

"Ila ile kutangaza ku kanisa, inafika nimechelewa. Mi ninalima mbali, siku zingine sifiki misa. Mwezi huu nilijua siku ya pili jioni, njo maana." Akamweka Kwizera sawa mgongoni. "Uniambie mi mwenyewe. Mapema. Utakuya siku gani?"

Constance aliitafuta siku ya kusema. Akiitaja, amemchagulia mtoto siku ya kuanza kunyimwa. Akisema haijui, kila siku itakuwa siku ya utepe, na tonge litatolewa mkononi kila siku. Akisema harudi tena, alikwisha kusikia leo jinsi watu wanaoondoka wanavyongojewa.

Dereva akawasha pikipiki. Jocelyne, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma amsaidie kupanda. Constance akapanda.

"Uniambie siku," Marie-Rose akasema, akitembea kando ya pikipiki iliyoanza kusogea, bado ameshika vidole vya mgeni. "Mama Utepe. Siku tu."